Kusoma Ramani: Maji ya Dodoma Yanakwenda Wapi?

Masomo ya Watu Wazima kwa Redio. Somo la Kumi na Nne. Maneno haya yamepigwa chapa kama yalivyosomwa redioni, yatumiwe na madarasa ya kisomo.

 

Leo yafaa kila kikundi kiwe na ramani ya Tanzania, rula, penseli, na kipande cha uzi chenye urefu wa mkono mmoja. Kama ramani hazitoshi, kaeni watu wanne kwa ramani moja. Na wewe, ndugu mwalimu wa darasa, tafadhali itandaze ramani mezani. Usiitundike ukutani. Sababu yake nitaieleza baada ya kitambo kidogo.

Katika somo lililopita tulitaja mambo matano ambayo kila ramani iliyo kamili huwa nayo: jina, fremu, dira, skeli na ufunguo. Bila shaka mmekwisha kuyakariri. Lakini kukariri majina ya majembe si kulima. Leo tutayachukua mambo hayo tuyapeleke shambani, tuone yanafanya kazi gani. Na shamba letu la leo ni mvua kubwa.

Nianze na habari iliyotokea kweli. Mwishoni mwa Desemba 2009 na kuingia Januari 2010, mvua nyingi sana zilinyesha katika nchi ya katikati. Mto Mkondoa ulifurika. Katika mji wa Kilosa, mkoani Morogoro, maji yalivunja tuta lililojengwa kuukinga mji, yakaingia majumbani, na maelfu ya watu wakakosa mahali pa kulala. Reli ya Kati nayo iliharibiwa vibaya kati ya Kilosa na Gulwe. Tuta la reli lilisombwa mahali pengi. Kwa miezi kadhaa treni hazikuweza kupita kati ya Dar es Salaam na Dodoma.

Sasa nawauliza. Maji yale yalitoka wapi?

Mtu akisikia kwamba Kilosa kumefurika, mara moja hufikiri juu ya mawingu ya Kilosa. Ni kweli, Kilosa kulinyesha. Lakini sehemu kubwa ya maji ya Mto Mkondoa huanza safari yake mbali sana, katika uwanda wa juu wa Dodoma, Chamwino na Mpwapwa, nchi ambayo wengi wetu tunaijua kwa ukame wake. Dodoma hupata mvua kidogo, karibu milimita 570 kwa mwaka mzima, na karibu zote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Je, nchi kavu namna hii yawezaje kuufurikisha mji ulio mbali? Jibu limo ndani ya ramani iliyo mbele yenu. Tulitafute pamoja.

Wekeni kidole juu ya Dodoma. (Mwalimu, ngoja kidogo mpaka kila mtu apaone.) Upande wa kaskazini na wa mashariki wa Dodoma, kama ramani yenu ni kubwa ya kutosha, mtaona mto unaoitwa Kinyasungwe. Kwa kweli ni mito miwili, Kinyasungwe Ndogo na Kinyasungwe Kubwa, ambayo hukutana huko mbele. Ufuateni mto kwa kidole, polepole. Unakwenda mashariki ukielekea kusini. Unapita Gulwe. Unapita Godegode, kisha Kidete. Hapo milima imeusonga kutoka pande zote mbili: milima ya Ukaguru kaskazini, na milima ya Rubeho kusini. Katika sehemu hizo watu hawauiti tena Kinyasungwe, huuita Mkondoa. Maji ni yale yale, jina limebadilika njiani, kama mtu aliyehamia kijiji cha wakwe akapewa jina jipya. Halafu mto unatokea Kilosa. Mbele ya Kilosa maji hayo huingia Mto Wami, na Wami huyapeleka mpaka Bahari ya Hindi, pande za Saadani, kaskazini ya Bagamoyo.

Basi kidole chako kimetoka Dodoma mpaka baharini bila kuinuliwa. Mvua iliyonyesha juu ya shamba la mtama kule Chamwino inaweza kuliona jua la Saadani.

Sasa niwaeleze kwa nini niliomba ramani ilazwe mezani. Ramani ikitundikwa ukutani, kaskazini huwa juu na kusini huwa chini. Hapo wanafunzi wengi hudhani kwamba mito yote hutiririka kuelekea kusini, kwa sababu maji huteremka, na kusini ya ramani iko chini karibu na sakafu. Hilo si kweli. Maji hayajui kaskazini wala kusini. Yanajua mahali pa juu na mahali pa chini pa ardhi, basi. Mto Nile unatoka kwetu Afrika Mashariki na kwenda kaskazini mpaka Misri.

Ilazeni basi ramani, muielekeze. Asubuhi, simama mkono wako wa kulia ukiwa upande wa jua linakochomoza. Uso wako sasa unatazama kaskazini. Igeuze ramani mpaka mshale wa dira nao utazame huko huko. Ukifanya hivyo ukiwa Dodoma, kidole chako kikifuata reli kwenda Kilosa kitakuwa kinaonyesha kweli upande ambao Kilosa iko. Mtu akikuuliza, "Mawingu yale meusi yamesimama juu ya nchi gani?" utaweza kumjibu kwa kutazama ramani, bila kubahatisha.

Twende kwenye skeli. Tuseme ramani yenu imeandikwa 1:2,000,000. Maana yake sentimita moja juu ya karatasi ni sentimita milioni mbili juu ya ardhi, yaani kilomita 20. Wekeni rula kutoka Dodoma mpaka Kilosa. Mtapata kama sentimita saba na robo tatu. Zidisheni mara 20. Ni kilomita 155.

Lakini nani anayesafiri kwa mstari wa rula? Kunguru labda. Chukueni sasa uzi. Ulazeni juu ya reli, muupinde kila reli inapopinda, kutoka Dodoma, Kikombo, Igandu, Msagali, Gulwe, Godegode, Kidete, mpaka Kilosa. Ushikeni pale ulipoishia, kisha munyooshe uzi huo juu ya rula. Mtaona umezidi kipimo cha kwanza. Kwa reli, Dodoma na Kilosa zimeachana kilomita 170 na ushei. Mkifanya hivyo hivyo kwa mto, kwa ramani kubwa inayoonyesha kila kona, mtapata namba nyingine tena, kwa sababu mto una kona nyingi kuliko reli. Basi kabla ya kupima, jiulize kwanza: ninapima safari ya nani?

Kupima huku kuna faida gani? Nitatoa mfano. Kutoka Gulwe mpaka Kilosa ni zaidi kidogo ya kilomita 80 kwa reli, na mto uko karibu na reli karibu safari yote. Tuchukue, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba maji ya mafuriko yanakwenda kilomita 5 kwa saa, mwendo wa mtu mwenye haraka. Gawanyeni 80 kwa 5. Mnapata saa 16. Mto ukijaa Gulwe saa kumi na mbili jioni, maji yatafika Kilosa kesho yake saa nne asubuhi. Maji ya kweli hayaendi kwa mwendo mmoja: penye mchanga mpana huchelewa, penye bonde jembamba hukimbia kuliko mtu. Kwa hiyo msiitegemee hesabu hii kama ratiba ya basi. Lakini oneni jambo moja. Kuna usiku mzima katikati. Mtu wa Gulwe mwenye simu anaweza kumwambia mtu wa Kilosa jioni, na mtu wa Kilosa akawa na muda wa kupandisha watoto, unga na mbuzi mahali pa juu. Muda huo umo ndani ya ramani, ila aupatao ni yule aliyepima.

Labda mwanafunzi mmoja huko darasani anauliza: kwa nini waliojenga reli waliipitisha kando ya mto wenye hasira? Swali zuri. Reli ya Kati ilijengwa wakati wa Wajerumani. Ilifika Morogoro mwaka 1907 na Dodoma mwaka 1910. Treni haiwezi kupanda mlima mkali kama punda. Yataka mteremko wa polepole. Na kati ya Ukaguru na Rubeho, aliyeupata mteremko wa polepole kabla ya fundi yeyote ni mto wenyewe, alioukata kwa muda mrefu sana. Fundi akamfuata. Alipata njia rahisi, akapata na jirani mbaya. Reli mpya ya kisasa, ambayo treni zake zilianza kubeba abiria mpaka Dodoma mwaka 2024, imepitishwa kwa mahandaki katika milima ya Kilosa. Hiyo ni kazi ya gharama kubwa.

Hapa yatupasa tuingie katika jambo ambalo wengi huliogopa, nalo ni mistari ya kontua. Msiogope. Ramani ya ukutani huonyesha milima kwa rangi ya kahawia na mabonde kwa kijani. Lakini ramani za skeli ya 1:50,000, zile ambazo sentimita 2 ni kilomita 1, huonyesha miinuko kwa mistari myembamba ya kahawia inayozungukazunguka. Ramani hizo hazionyeshi nchi nzima. Karatasi moja huonyesha tarafa chache tu. Kutoka Gulwe mpaka Kilosa ungehitaji karatasi kadhaa, na meza ndefu.

Kontua ni nini? Nendeni nje mkatafute kichuguu kikubwa. (Kwanza hakikisheni hakina nyoka.) Zungusheni kamba kwenye kichuguu hicho kwa kimo cha goti, pande zote kimo kile kile, kisha mpake majivu penye kamba. Fanyeni tena kwa kimo cha kiuno, na tena kwa kimo cha kifua. Sasa mmoja wenu apande juu ya kiti au mti ulio karibu, akitazame kichuguu kutoka juu. Ataona pete tatu za majivu, pete ndani ya pete. Achore kwenye karatasi yale anayoyaona. Amechora ramani ya kontua.

Mwambieni atazame tena. Upande ambao kichuguu kimesimama kama ukuta, pete zimekaribiana. Upande ulioteremka polepole, pete zimeachana. Hivyo ndivyo ilivyo juu ya ramani. Mistari iliyobanana, hapo ni mlima mkali. Mistari iliyoachana, hapo ni tambarare. Kila mistari kadhaa huandikwa namba, nayo ni kimo kutoka usawa wa bahari. Dodoma iko kwenye mita 1,100 na zaidi kidogo. Kilosa iko karibu mita 500. Maji yanayotoka Dodoma yana mita 600 za kuteremka kabla ya kuuona mji wa Kilosa. Hiyo ndiyo nguvu iliyong'oa reli.

Jambo moja zaidi la kontua, nalo ndilo linalosahauliwa kuliko yote. Mstari wa kontua ukifika penye korongo hujikunja kama ncha ya mkuki. Ncha hiyo huelekea kule maji yanakotoka, siyo kule yanakokwenda. Watu wengi hugeuza. Ukiwa na shaka, soma namba: ncha ya korongo hutazama namba kubwa.

Sasa ufunguo wa ramani. Tafuteni alama ya mto. Mtaona ziko mbili. Kuna mstari wa buluu uliokamilika, huo ni mto wenye maji mwaka mzima. Na kuna mstari wa buluu uliokatikakatika, huo ni mto wa msimu. Katika Ugogo mingi ni ya namna hii ya pili. Ni mito ya mchanga. Wakati wa kiangazi watu huchimba visima ndani yake, ng'ombe hupita juu yake, watoto huchezea mpira humo. Mgeni anaweza kuwa amesimama katikati ya mto, asijue.

Kwa maoni yangu mstari uliokatikakatika ni wa kuogopwa kuliko ule uliokamilika. Mto wenye maji kila siku huheshimiwa, hakuna ajengaye nyumba ndani yake. Lakini mto wa mchanga humdanganya mtu miezi minane, halafu siku moja huja na ukuta wa maji, huku juu ya kichwa chake jua linawaka. Mvua imenyesha milimani, mbali, mahali asipopaona. Nchi yote ambayo maji yake hukusanyika katika mto mmoja tunaiita bonde la mto huo. Ukitaka kujua kama korongo lako ni la hatari, usilitazame lenyewe tu. Fuata mistari yake iliyokatikakatika kwenda juu, moja baada ya moja, mpaka ufike penye mgongo wa milima. Zungushia penseli nchi yote hiyo. Kadiri duara lako lilivyo kubwa, ndivyo mgeni wako wa usiku atakavyokuwa mkubwa.

Tufanye hivyo kwa mkoa mzima wa Dodoma, maana hapo kuna jambo la kustaajabisha. Mkoa huu ni kama paa la nyumba ya msonge: mvua ikilipiga huteremka pande mbalimbali. Maji ya pande za Kinyasungwe, kama tulivyoona, huenda mashariki kwa njia ya Wami. Maji ya pande za kusini huteremkia Mtera, yakaingia Ruaha Mkuu, na mwisho Rufiji. Na maji ya magharibi? Tazameni Mto Bubu. Unatoka pande za Kondoa, unateremka kwenda Bahi, na hapo Bahi unaishia katika bwawa pana la matope na majani. Haufiki bahari yoyote. Maji yake hunywewa na jua. Watu wawili waliokaa katika mkoa mmoja, mmoja Bahi na mwingine Chamwino, mvua ya mmoja na mvua ya mwenzake hazitakutana kamwe mpaka zigeuke mawingu tena.

Na sasa tazameni mpaka wa mkoa, ule mstari unaotenga Dodoma na Morogoro. Kinyasungwe unaukata mpaka huo bila kuomba ruhusa. Mimi nadhani hili ndilo somo kubwa la leo, kwa sababu habari za hali ya hewa tunazozisikia redioni hutolewa kwa majina ya mikoa. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutumia maneno ya daraja tatu, nayo yafaa myaandike madaftarini: angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa. Tuseme usiku mmoja mtangazaji anasema: "Tahadhari ya mvua kubwa katika mkoa wa Dodoma." Mtu wa Kilosa anasikia. Anasema moyoni, mimi ni wa Morogoro, hayo ni ya Wagogo, akafunga redio akalala. Hakukosea kusikia. Kusoma alijua, na jina la mkoa wake alilijua. Lakini alikuwa anasikiliza mipaka ya serikali, na hatari ilikuwa inakuja kwa mpaka wa maji. Kila msikilizaji yafaa ajue mikoa miwili: ule anaokaa yeye, na ule unaomletea maji.

Tena majina yenyewe yanaweza kutudanganya. Kuna Makutupora mbili. Moja iko kaskazini ya mji wa Dodoma. Nyingine iko magharibi, katika wilaya ya Manyoni, mkoa wa Singida, pale kilipoishia kipande cha reli mpya kilichoanzia Morogoro. Mtu akikupigia simu kwamba "Makutupora kumefurika", usikimbie kabla ya kuuliza: Makutupora ya wapi? Ndiyo maana ramani ina mistari ya kulala na ya kusimama yenye namba pembeni. Majina mawili yaweza kufanana. Mahali pawili hapawezi kuwa na namba moja.

Kwa kuwa tumeitaja Makutupora ya Dodoma, nitakaa hapo kidogo, ingawa si mafuriko tunayoyafuata. Mahali hapo kuna visima vinavyotegemewa na mji wa Dodoma kwa miaka mingi. Kimo cha maji ya chini ya ardhi kimepimwa hapo tangu miaka ya 1950. Wataalamu walipovitazama vipimo vya zaidi ya miaka 50, waliona kwamba mvua za kawaida hujaza visima kidogo tu, na miaka mingine hazijazi kabisa. Sehemu kubwa ya maji huingia ardhini katika misimu michache yenye mvua kupita kiasi. Msimu wa 1997/98, wakati wa mvua za El Nino, uliingiza maji mengi kuliko msimu mwingine wote katika kumbukumbu hizo. Mvua zile ziliharibu barabara na madaraja, na zile zile zikawawekea watu wa Dodoma akiba ya kunywa. Sijui kama tuzishukuru au tuzilaani. Ramani haina alama ya jambo hilo.

Basi, kabla hamjaiamini ramani, someni tarehe yake. Huandikwa pembeni, kwa herufi ndogo. Ramani ni kama picha ya mtu: aliyepigwa picha akiwa kijana sasa ana mvi. Mabwawa ya Hombolo na Ikowa yalijengwa mwaka 1957. Ramani ya zamani itaonyesha maji ya buluu mapana, lakini udongo ulioletwa na mvua kutoka katika mashamba na malisho umeyapunguza mabwawa yote mawili, hasa Ikowa. Na mji wa Dodoma wenyewe? Mwaka 1973 iliamuliwa uwe makao makuu ya nchi, na mwaka 2018 ukapewa hadhi ya jiji. Mahali ambapo ramani ya zamani inaonyesha vichaka na shamba la karanga, leo pana mtaa wa nyumba za bati.

Hapo ndipo ramani ya zamani, licha ya uzee wake, inapokuwa rafiki wa mtu anayenunua kiwanja. Viwanja vingi huonyeshwa wakati wa kiangazi. Muuzaji atakuambia: tazama, pamenyooka, hapana mawe, mchanga laini, huhitaji hata kusawazisha. Yote ni kweli. Lakini mchanga laini mahali pa chini katika nchi ya Dodoma haukuletwa na lori. Uliletwa na maji, na maji huikumbuka njia yake. Nyumba zimejengwa, barabara imepita, mstari wa korongo hauonekani tena kwa macho. Katika ramani iliyochapwa kabla ya nyumba hizo, mstari wa buluu uliokatikakatika bado upo. Kabla ya kutoa fedha, nenda ofisi ya ardhi, omba kuonyeshwa ramani, uweke kidole juu ya kiwanja chako, utazame kama mstari huo unakipitia. Huna haja ya kuona haya. Wewe sasa ni msomaji wa ramani.

Imebaki kazi ya darasa. Mtaifanya kabla ya somo lijalo, na itawachukua siku mbili au tatu.

Chukueni karatasi kubwa, mchore ramani ya kijiji chenu au mtaa wenu. Anzeni na fremu, na jina. Wekeni dira kwa kutumia jua la asubuhi. Kwa skeli, pimeni kwa hatua: mtu mmoja ahesabu hatua zake kutoka shuleni mpaka kisimani, na hatua mia ziwe sentimita moja. Choreni barabara, zahanati, shule, makorongo na visima. Nyumba za tembe zipeni alama yake peke yake, tofauti na nyumba za bati. Paa la tembe ni la udongo. Mvua ya saa moja hulivumilia, lakini mvua ya siku tatu mfululizo hulilowesha likawa zito, na likianguka huangukia waliolala. Watu wa nyumba hizo ndio wa kuamshwa kwanza.

Halafu nendeni kwa wazee wenu, akina babu na akina bibi. Wabebeeni ramani hiyo. Waambieni: "Shikamoo babu, tunaomba utuonyeshe, mwaka ule wa mvua kubwa maji yalifika wapi?" Wengine watasema mwaka wa El Nino. Wengine watataja mwaka mwingine. Andikeni mwaka, na muweke nukta ya buluu kila mahali wanapopataja: mti huu, kizingiti kile, jiwe lile. Msibishane na mzee juu ya nukta. Wazee watatu wakiisha kuonyesha, unganisheni nukta kwa mstari mmoja. Ndani ya mstari huo hesabuni nyumba zilizomo leo. Hesabuni pia kama zahanati imo, au ghala la chakula, au shule ambayo watu wangekimbilia.

Mwisho, tafuteni njia ya kutoka ndani ya mstari mpaka mahali pa juu, bila kuvuka korongo hata moja. Ipakeni rangi nyekundu. Kama haipo, andikeni hivyo hivyo: haipo. Nakala moja ibaki darasani, na nyingine mpeleke kwa mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa.

Katika somo lijalo tutatengeneza kipimo cha mvua kwa kopo la maziwa na rula, ili namba zenu mziandike juu ya ramani hiyo hiyo. Njooni nayo, pamoja na kopo lisilo na kutu. Kwa herini, ndugu wanafunzi.